Nani Aliwafungisha Ndoa Zamadamu wa Laetoli?

Kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, jijini New York, kuna onyesho moja ambalo pengine umeshaliona hata kama hujawahi kukanyaga Marekani. Nyuma ya kioo kuna zamadamu wawili, uchi, wenye manyoya mwilini, wanatembea juu ya majivu. Mmoja mrefu, dume. Mwingine mfupi, jike. Dume kaweka mkono begani kwa jike, na nyuso zao zina wasiwasi, kama wamesikia kitu porini. Nyuma yao nyayo zimebaki.

Mimi niliiona picha yake mara ya kwanza kwenye slaidi, mwaka wa kwanza chuoni. Mhadhiri akasema: hawa ndio walioacha nyayo za Laetoli, mtu na mkewe. Darasa zima tukaandika "mtu na mkewe". Nimekuja kuuliza miaka kadhaa baadaye, tena kwa aibu kidogo: hivi huo uchumba tuliusoma wapi?

Kwa hiyo leo nataka kuikosoa picha ile. Ufundi wake sina ugomvi nao. Sura zile ambazo si sokwe na si mtu zimetengenezwa kwa akili sana. Ninachokosoa ni ule mkono. Na nikishamaliza na New York nitarudi nyumbani, maana na sisi tuna la kujibu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu kilichopo ardhini. Laetoli iko kaskazini mwa Tanzania, ndani ya eneo la Ngorongoro, kama kilomita 45 kusini mwa Bonde la Oldupai. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu laini pale, mvua nyepesi ikanyesha, majivu yakawa kama saruji mbichi, na kila aliyepita akaacha alama. Yakakauka, kisha majivu mengine yakaja juu yake yakafunika. Hata matone ya mvua yameacha vishimo vyake. Wamepita tembo, twiga, vifaru, sungura, kanga, na farasi wa kale wa vidole vitatu anayeitwa Hipparion. Alama hizi ziligunduliwa mwaka 1976 kwa njia ambayo haijawahi kuandikwa kwenye pendekezo lolote la utafiti: wageni kambini kwa Mary Leakey walikuwa wanatupiana mavi makavu ya tembo, Andrew Hill akaanguka akikwepa, na akiwa pale chini akaona ardhi imejaa nyayo.

Zile maarufu za zamadamu zilipatikana mwaka 1978, sehemu iliyopewa herufi G. Paul Abell aliona alama inayofanana na kisigino. Si wote kambini walioshawishika. Ilibidi ichimbwe zaidi, na Ndibo Mbuika, mmoja wa wachimbaji wenye uzoefu wa Mary Leakey, ndiye aliyerudi na habari kwamba zipo nyingine. Mpaka uchimbaji unaisha mwaka uliofuata, mstari ulikuwa na urefu wa takriban mita 27 na nyayo karibu 70. Hakuna alama ya mkono hata moja. Kisigino kinagusa kwanza. Kidole gumba cha mguu kimelala sambamba na wenzake, hakijachepuka kama cha sokwe. Sasa kumbuka kwamba ubongo wa viumbe hawa haukuzidi sana wa sokwe, na zana za mawe za kale kuliko zote tunazozijua, zile za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, ni za miaka milioni 3.3. Maana yake tulisimama kwa miguu miwili kwanza, akili nyingi na mawe makali vikaja baadaye sana. Kwa muda mrefu watu waliamini kinyume chake. Laetoli ilimaliza ubishi huo kwa ushahidi ambao hata mtoto wa darasa la tatu anausoma kwa macho.

Hilo ndilo majivu yanalosema, na linatosha kabisa. Lakini sisi binadamu hatutosheki; tukiona nyayo mbili sambamba tunataka kujua nani kamposa nani.

Tuanze na hesabu ya vichwa. Mwanzoni ilionekana mistari miwili, mmoja wa nyayo ndogo, mwingine wa nyayo kubwa zilizovurugika. Baadaye ikabainika kwamba ule mkubwa ni wa wawili: mmoja ametangulia, mwingine amekanyaga mlemle alimokanyaga mwenzake. Amefuata nyayo, kwa maana halisi kabisa ya maneno hayo (wasomaji wa Kenya mnaruhusiwa kutabasamu). Wakaitwa G1, yule mdogo, halafu G2 na G3. Watatu. Rudi sasa New York uhesabu. Wa tatu yuko wapi?

Mimi nadhani hakuachwa kwa bahati mbaya. Ukimweka wa tatu nyuma ya yule dume, anakanyaga kwa makini kwenye nyayo zake, mkono begani unapoteza maana. Wawili ni wapenzi. Watatu ni msafara.

Utetezi wa onyesho lile upo, na si wa kijinga. Mistari ya G1 na G2 iko karibu sana, na hatua zao zinaendana. Watu wawili wasingeweza kutembea bega kwa bega hivyo bila kugusana, basi waache washikane. Sawa. Ila hoja hiyo inasimama tu kama walipita dakika ileile, ubavu kwa ubavu. Kama mmoja alitangulia hatua chache, au kama G1 alipita akiwa anafuata mstari aliouona, hakuna bega la kushika. Na hata tukikubali kwamba waligusana, kugusana kuna aina nyingi. Mtoto hushikwa mkono. Mgonjwa hukongojwa. Bibi kizee hujiegemeza kwa mjukuu. Kati ya hayo yote, mchongaji akachagua lile linalofanana na picha ya harusi.

Uchaguzi huo haukutoka hewani. Mwaka 1981 Owen Lovejoy alichapisha kwenye jarida la Science nadharia iliyopendwa mno: kwamba kutembea kwa miguu miwili kulikwenda pamoja na ndoa ya mke mmoja. Dume anakwenda mbali, anarudi na chakula mikononi, jike anabaki karibu na watoto, na kwa kuwa dume anahudumia lazima awe na uhakika watoto ni wake. Ukiisoma leo unaona nyumba ya kitongoji cha Marekani ya miaka ya 1950 imepakwa majivu ya volkano. Adrienne Zihlman na Nancy Tanner walikuwa wameshaandika katika miaka ya 1970 kwamba ukianzia kwa akina mama wanaookota chakula na kukigawa kwa watoto wao, hadithi inageuka kabisa. Lakini hakuna aliyewachonga sanamu.

Haya, sasa turudi nyumbani, kama nilivyoahidi.

Katika miaka ya 2010 kulikuwa na mpango wa kujenga makumbusho palepale Laetoli. Kabla ya kujenga lazima uangalie usije ukaweka msingi juu ya hazina, hivyo watafiti wakiongozwa na Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachimba mashimo ya majaribio. Wakapata nyayo mpya, kama mita 150 kutoka eneo la G, kwenye tabaka lilelile la majivu, zikielekea upande uleule. Eneo likaitwa S, na wapitaji wakaitwa S1 na S2. Wakishirikiana na wenzao wa Italia walichapisha matokeo Desemba 2016 kwenye jarida la eLife, ambalo kila mtu anasoma bure. Binafsi niliisoma makala ile kwa fahari: vipimo viko wazi, mifano ya pande tatu ipo, kazi ya uwanjani imeelezwa vizuri. Ni kazi ambayo ningependa kuwa nimeifanya mimi.

Halafu unafika sehemu ya mwisho. Nyayo za S1 ni kubwa, kama sentimita 26, na kimo chake wamekikadiria kuwa sentimita 165, mrefu kuliko wote. Kutokana na tofauti hiyo ya ukubwa, wakapendekeza, kwa tahadhari, kwamba kundi lile lilikuwa la dume mmoja, majike wawili au watatu, na watoto mmoja au wawili. Yaani mfumo unaokaribia wa gorila. Tahadhari ikabaki kwenye makala. Vyombo vya habari vikabeba dume na wake zake.

Umeona kilichotokea? Mwaka 1981, ndoa ya mke mmoja. Mwaka 2016, mitala. Majivu ni yaleyale.

Hebu tufanye hesabu ndogo uone jinsi ardhi ilivyo telezi hapa. Kwa watu wa leo, urefu wa unyayo ni takriban asilimia 15 ya kimo. Chukua sentimita 26 za S1, gawanya kwa 0.15, unapata sentimita 173. Lakini zamadamu hawa hawakuwa na maumbile yetu. Inawezekana miguu yao ilikuwa mirefu kidogo ukilinganisha na mwili. Weka 0.16, unapata sentimita 162. Asilimia moja tu, na umeshapoteza karibu sentimita 11. Watafiti wenyewe wanalijua hili na hutumia njia zaidi ya moja. Siwalaumu kwa hesabu. Tatizo linakuja unapochukua kimo ambacho chenyewe ni makadirio, ukakitumia kukadiria jinsia, halafu jinsia hiyo uliyoikadiria ukaitumia kukadiria ndoa. Kila ngazi unayopanda inatikisika zaidi ya ile iliyo chini yake.

Unyayo hauna jinsia. Mkubwa anaweza kuwa jike mzima, mdogo anaweza kuwa dume ambaye hajakomaa. Mifupa ya spishi inayodhaniwa ilipita pale, Australopithecus afarensis, haitusaidii sana kumaliza ubishi. Lucy, aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, alizidi mita moja kwa kidogo tu; Kadanuumuu, wa Ethiopia pia, alikuwa mkubwa zaidi kwa mbali. Wapo wanaosema tofauti ya dume na jike ilikuwa kubwa kama ya gorila, wapo waliopima upya wakasema ilikaribia ya kwetu. (Kwa njia, jina la spishi limetoka Afar ya Ethiopia, lakini kielelezo chake rasmi ni taya la Laetoli, LH 4, aliloliona Maundu Muluila mwaka 1974. Mary Leakey alichukizwa na mpango huo hadi akaondoa jina lake kwenye makala. Hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Halafu kuna nani alikuwa na nani. Tabaka moja, upande mmoja, mwendo unaofanana: hizo ni dalili nzuri kwamba walikuwa pamoja, na mimi nazikubali zaidi kwa G kuliko kati ya G na S. Mita 150 ni mbali. Ukisimama kituo cha daladala asubuhi ukapiga picha ya matope, utapata watu kumi wanaoelekea upande mmoja kwa mwendo mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemuoa mwingine.

Mtu ataniuliza: sasa ubaya uko wapi? Hadithi inavutia watoto waje kwenye sayansi, mwache dume na mkono wake. Jibu langu ni dubu.

Mwaka 1976, kabla ya G, kulikuwa na nyayo nyingine eneo A. Tano zinazofuatana, za ajabu: fupi, pana, na mpitaji anavusha mguu mmoja mbele ya mwingine kama mwanamitindo jukwaani. Zikapatikana zile za G, nzuri, zinazofanana na zetu, na zile za A zikaonekana mbaya. Ikapendekezwa kwamba huenda ni za dubu mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Dubu! Laetoli pamepatikana mabaki mengi ya wanyama na dubu hayumo. Lakini zamadamu mwenye mwendo ule hakuwa na nafasi kwenye familia tuliyokwisha kuichora, basi nafasi akapewa dubu, na eneo A likasahauliwa kwa zaidi ya miaka 40. Ndipo Ellison McNutt, Jeremy DeSilva, Charles Musiba na wenzao wakarudi, wakafukua upya, wakalinganisha na dubu weusi wa Marekani, sokwe na watu. Makala yao katika Nature ya mwaka 2021 inasema ni zamadamu, tena huenda wa spishi tofauti na wale wa G. Kama ni kweli, spishi mbili zilitembea wima sehemu moja, kwenye majivu ya kipindi kimoja. Hilo ni jambo kubwa kuliko harusi yoyote. Na lilikuwa limelala pale muda wote huo tukitazama picha ya wachumba.

Sisemi kwamba New York ndiyo iliyomzaa dubu; dubu ni wa zamani kuliko onyesho. Nasema vyote viwili vimetoka kwenye tabia moja, ya kuamua hadithi mapema halafu kuchuja ushahidi usioingia.

Sasa jambo linalonikera zaidi. Ichumbaki, huyuhuyu wa makala ya 2016, aliandika na wenzake mwaka 2019 kuhusu namna Wamaasai wanaoishi karibu na Laetoli wanavyozieleza nyayo hizi. Wanamtaja Lakalanga, shujaa mkubwa wa mwili aliyewasaidia kumshinda adui, mtu mzito kiasi kwamba alipopita aliacha alama ardhini. Ukiwaambia hivyo wanafunzi wa sayansi watacheka kidogo, kwa adabu, na kusema hiyo ni ngano. Ni kweli ni ngano. Lakini ile ya mkono begani inaitwa nini? Lakalanga angalau ametokana na kitu kinachoonekana: mguu mkubwa, basi mtu mkubwa. Mkono wa New York haujaacha alama popote. Tofauti ni kwamba mmoja anasimuliwa bomani na mwingine amewekewa kioo na taa.

Na lugha? Hapa Kiswahili kilitupa upendeleo na sisi tukautupa. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague, huyu ni "he" au "she", hawezi kumaliza sentensi bila kumpa G1 jinsia au kumgeuza kitu. Sisi tunasema "alipita", "akasimama", "akaendelea", na hakuna aliyejeruhiwa. Mary Leakey alipoandika katika National Geographic ya Aprili 1979 kwamba mmoja wao alionekana kusita na kugeuka kushoto kabla ya kuendelea, Kiswahili kingeweza kuipokea sentensi hiyo bila kumvika mtu gauni. Badala yake tukitafsiri tunaongeza mizigo ambayo hata haikuwepo: baba, mama na mtoto. Tena "familia" yenyewe, ya watu watatu! Bibi yangu angesikia kaya ya watu watatu angeuliza wengine wamepatwa na nini.

Yote haya yangekuwa mabishano ya wanafunzi tu kama kila mtu angeweza kwenda kuziangalia nyayo zenyewe. Haiwezekani. Mary Leakey alizifukia mwaka 1979 ili zisiharibike. Migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kushuka. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty wakazifungua, wakatoa mizizi, wakazipima, wakazifunika tena kwa vitambaa maalumu, udongo na mawe. Uamuzi mzuri, ila maana yake unachokiona ukienda Oldupai ni nakala, na unachobeba kichwani ni picha. Ushahidi uko chini ya mawe, mchoro uko juu ya meza. Kwa hiyo kama siku moja pale Laetoli patawekwa sanamu, atakayezichonga ndiye atakayewaambia watoto wetu zamadamu walikuwa nani, kuliko makala yoyote.

Mimi ningeomba zisichongwe sura kabisa. Weka majivu, weka nyayo za G zote, za watatu, weka na za farasi zinazokatiza njia yao, weka zile tano za A pembeni bila dubu. Kibao kiandikwe: "Watatu walipita hapa wakielekea kaskazini. Mmoja alikuwa mdogo. Mmoja alikanyaga alimokanyaga mwenzake." Na cha pili kimtaje Lakalanga, kwa jina, kama wanavyomtaja majirani wa eneo lile.

Kama bado unaona nimezidisha, fungua ile makala ya eLife, tafuta picha ya S2. Ni unyayo mmoja tu. Uangalie vizuri, halafu uje uniambie ni mke wa nani.